UZI MREFU: Dawa zinazovuruga ukuaji wa wadudu, zilikotoka, na kwa nini mpya haziji haraka

Mkemia wa Bondeni (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna lalamiko linajirudia humu kila msimu wa nyanya na mahindi: "Nimepiga dawa jana jioni, leo asubuhi viwavi bado wanatafuna, nimeuziwa feki." Nikiomba picha ya lebo, mara nyingi kiambata ni lufenuroni au novaluroni. Feki zipo madukani, sikatai. Lakini dawa ya kundi hili hata ikiwa halali kabisa, asubuhi ya pili utawakuta viwavi wanatembea. Haishambulii mishipa ya fahamu kama zile za kuangusha mdudu palepale. Inamngoja mpaka siku ya kujivua gamba.

Nimeona nieleze zilivyopatikana, maana ukijua zilikotoka hutasumbuka sana na namna ya kuzitumia. Pia nina jambo langu la kusema: tunalilia molekuli mpya kila mwaka, wakati zilizopo tunazimaliza wenyewe. Nitakuja nalo.

Tuanze na mdudu. Hana mifupa ndani, kinachomshikilia ni gamba la nje, na sehemu kubwa ya uimara wake ni kitini. Gamba halitanuki vya kutosha, kwa hiyo kila anapotaka kukua lazima alivue na atengeneze jingine. Kiwavijeshi vamizi kwa kawaida hupitia hatua sita kabla ya kuwa pupa. Homoni mbili ndizo zinazoendesha kazi hiyo. Ekdisoni inatoa amri ya kujivua. Homoni ya utoto inaamua akishajivua atakuwa nani: ikiwa nyingi anabaki kiwavi, ikishuka anageuka pupa, kisha nondo.

Aliyefungua mlango ni Mwingereza Vincent Wigglesworth, London, miaka ya 1930. Alichukua kunguni wakubwa wa Amerika Kusini wanaonyonya damu, akawakata vichwa kwa saa tofauti baada ya kula. Wadudu hao wanaishi miezi bila kichwa. Akaona kuwa waliokatwa mapema hawajivui kabisa, na kwamba tezi ndogo nyuma ya ubongo ndiyo inayomzuia mdudu asikomae.

Na hapa kuna Mwafrika Mashariki watu wengi hawamjui. Mmoja wa wanafunzi wa Wigglesworth huko Cambridge alikuwa Thomas Odhiambo wa Kenya, ambaye mwaka 1970 alianzisha ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, pale Nairobi. Tezi hiyohiyo aliichunguza kwa nzige wa jangwani. Kwa hiyo elimu hii haikuja kwetu kwenye chupa tu.

Naendelea, msiweke nukta.

Bibi Shamba

Nakaa hapa mkuu. Shusha.

Mkemia wa Bondeni

Shukrani dada.

Shida ya kwanza ya wanakemia ilikuwa uchache. Mwaka 1954 Wajerumani Butenandt na Karlson walisaga kilo 500 za pupa za nondo wa hariri, wakapata miligramu 25 tu za ekdisoni safi. Kilo mia tano! Huwezi kutengenezea dawa ya shamba. Miaka miwili baadaye, kule Harvard, Carroll Williams akafanikiwa kutoa homoni ya utoto kwenye matumbo ya nondo dume wakubwa, ikiwa mafuta ya rangi ya dhahabu. Ukimpaka pupa, hatoki nondo kamili, anatoka kiumbe nusu pupa nusu nondo, na anakufa.

Halafu ikaja bahati. Katikati ya miaka ya 1960 Karel Sláma alitoka Prague kwenda Harvard na kunguni wake wekundu, ambao kwao alikuwa akiwafuga bila shida. Marekani wakagoma kukomaa. Walifika hatua ya mwisho ya utoto, wakajivua, wakawa watoto wakubwa kuliko kawaida, wakafa. Chakula kikakaguliwa, maji yakakaguliwa, kila kitu. Mwisho wake mchawi akawa karatasi ya kufutia mikono iliyowekwa ndani ya vyombo vya kufugia. Walipojaribu magazeti, New York Times iliwazuia wasikomae, Times ya London haikuwafanya kitu. Karatasi za Marekani zilitokana na mti mmoja wa jamii ya misonobari, na mti huo umejiwekea kemikali inayoiga homoni ya utoto. Iliyopatikana humo ikaitwa juvabioni, na inawashika wadudu wa familia ile tu. Wakulima wa pamba mtakumbuka: wale kunguni wekundu wanaochafua nyuzi za pamba ni wa familia hiyohiyo.

Mwaka 1967 Williams akaandika kuwa kizazi cha tatu cha viuatilifu kimefika. Hoja yake ilikuwa tamu: mdudu hawezi kuwa sugu kwa homoni yake mwenyewe. Shikeni sentensi hiyo, tutarudi kwake.

Mwaka mmoja baadaye ikaanzishwa kampuni ya Zoecon kule California, chini ya Carl Djerassi, mmoja wa wanakemia waliotengeneza vidonge vya uzazi wa mpango. Yeye pia ni kati ya waliosaidia ICIPE kusimama. Mwaka 1975 wakapata kibali cha methopreni, homoni ya utoto ya kiwandani. Ikauzwa kwa ajili ya mbu na viroboto, ikafanya kazi vizuri.

Shambani ikashindwa.

Ngosha wa Pamba

Ikashindwa kwa nini tena? Si ndiyo homoni yenyewe?

Mkemia wa Bondeni

Mkuu Ngosha, kwa mambo mawili. La kwanza, jua linaivunja haraka. La pili ndilo zito. Fikiria unamzuia kiwavi asikomae. Anakufa lini? Mwishoni, anaposhindwa kuwa pupa. Kabla ya hapo anakula, na ukimpa homoni ya utoto unaweza hata kumwongezea siku za kula. Wafugaji wa nondo wa hariri huko Japani waliligeuza kuwa faida: tone dogo la homoni hii, kiwavi anakula siku za ziada, kifuko chake cha hariri kinakuwa kikubwa. Kwa mbu haina neno, kwa sababu kiluwiluwi wa mbu hana hasara kwako, anayekuuma ni mkubwa. Kwa kabichi, mwenye hasara ni yule mtoto.

Ndiyo maana dawa za homoni ya utoto zilizobaki na maana kwenye mazao ni zile za wadudu wanaofyonza. Piriproksifeni ya Wajapani wa Sumitomo ndiyo maarufu, kwa inzi weupe na wadudu magamba. Inaharibu mayai na kumzuia mtoto asitoke mkubwa.

Ngosha wa Pamba

Daah. Kumbe kuna dawa inamnenepesha.

Mwanafunzi SUA

Mkuu, benzoilurea, yaani kundi la lufenuroni na novaluroni, nazo zilitoka wapi? Darasani tulipewa mistari miwili tu.

Mkemia wa Bondeni

Hizo zilipatikana kwa makosa, mdogo wangu, na ndizo zilizoshika soko.

Mji wa Weesp, Uholanzi, kampuni ya Philips-Duphar, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wanakemia walikuwa wanatafuta dawa ya magugu. Wakachukua kipande cha kiuagugu kimoja, dichlobenili, wakakiunga na kipande cha kingine cha aina ya diuroni. Magugu yakastawi kama kawaida. Lakini kila molekuli mpya ilikuwa inajaribiwa pia kwa wadudu, na viwavi wa kabichi waliolishwa hiyo wakaonekana wanakula vizuri, wananenepa, kisha siku ya kujivua wanapasuka. Gamba jipya halina nguvu. Kutoka hapo ikazaliwa diflubenzuroni, iliyopata kibali Marekani mwaka 1976, kisha ndugu zake: teflubenzuroni, lufenuroni, novaluroni.

Ukitaka kumwona aliyeshikwa na lufenuroni, chukua kioo cha kukuzia siku ya tatu au ya nne, funua faneli la mhindi. Usitafute waliolala chali. Tafuta aliyetulia. Utaona gamba la zamani limechanika nyuma ya kichwa na kuishia hapo. Limemkaba katikati ya mwili, na pale kwenye mchaniko ngozi mpya ni laini, imeloa, inaanza kuwa nyeusi. Huyo amekwisha, ingawa ukimgusa anajikunja. Na ukitazama majani ya karibu, matundu mapya hakuna.

Kitu kinachonishangaza kuhusu kundi hili ni kwamba liliuzwa miaka 40 bila mtu kuwa na uhakika linashika wapi hasa. Ilijulikana kitini hakitengenezwi, ila vimeng'enya vilivyotolewa mwilini na kupimwa kwenye chupa havikuonyesha kuzuiwa. Jibu lilikuja mwaka 2016. Watafiti walipata viwavi sugu wa kabichi wakiwa na badiliko la herufi moja tu ya protini kwenye kimeng'enya kinachotengeneza kitini. Wakalipandikiza badiliko lile kwa inzi wa matunda wa maabara kwa mkasi wa jeni, na inzi nao wakawa sugu. Tena sugu kwa mpigo mmoja: kwa benzoilurea, kwa buprofezini ya inzi weupe, na kwa etoksazoli ya utitiri. Dawa tatu zilizodhaniwa tofauti zinagonga mlango mmoja.

Mwanafunzi SUA

Madini haya. Na zile za kuiga ekdisoni?

Mkemia wa Bondeni

Hizo kwangu ndizo nzuri kuliko zote kwa kazi ya shamba. Rohm and Haas wa Marekani walizipata miaka ya 1980, na tebufenozidi ikawapa tuzo ya taifa ya kemia safi mwaka 1998. Ndugu yake ni metoksifenozidi.

Kujivua kunahitaji ekdisoni ipande, halafu ishuke. Ikishuka ndipo mdudu anapopata ishara ya kutoka kwenye gamba kuukuu. Tebufenozidi inakaa kwenye kipokezi cha ekdisoni na haiondoki upesi. Kwa hiyo kiwavi anaanza kujivua kabla ya siku yake na hawezi kumaliza. Anaacha kula ndani ya saa chache, kwa sababu mwili umeshaingia kwenye shughuli ya kujivua. Ukimtazama kwa karibu ana vichwa viwili: ganda la zamani limesukumwa mbele mdomoni, na nyuma yake kichwa kipya chenye rangi ya mpauko. Mdomo umezibwa. Anakufa kwa njaa na kukauka, mboga iko salama.

Na inachagua. Mwaka 2003 wanasayansi walipata umbo la kipokezi hicho la kiwavi mmoja, kwanza kikiwa kimeshikana na ponasteroni A, ndugu wa ekdisoni anayepatikana kwenye mimea, kisha na molekuli ya jamii ya tebufenozidi. Wakakuta kila moja inakaa kwenye shimo lake, na kipokezi kinajikunja upya kuipokea. Wadudu wengi wasio wa jamii ya nondo na vipepeo hawana shimo la kuikaa vizuri. Ndiyo maana wadudu-kibibi wanaokula vidukari na nyigu wanaotaga ndani ya viwavi hupona.

Mzee wa Ugani

Kijana wangu, umeeleza vizuri, lakini sema na upande wa mkulima. Nimekuwa bwana shamba muda mrefu. Dawa ya kuchagua ni ghali, inachelewa, na mkulima ana wadudu wa aina nne kwa mpigo. Duka la pembejeo litampa ya kuua vyote kwa nusu bei.

Mkemia wa Bondeni

Shikamoo mzee. Hapo umegusa penyewe. Kampuni nazo zinalijua hilo, ndiyo maana siku hizi lufenuroni nyingi madukani imechanganywa na emamektini. Emamektini inampooza kiwavi anaacha kula mapema, mkulima anaridhika. Kwa kiwavijeshi si mchanganyiko mbaya. Lakini ukichanganya ya kuchagua na pairethroidi, zile za kuua kila mdudu, umelipa bei ya dawa ya kuchagua na umewaua marafiki wote wa shamba.

Kuhusu bei, hesabu za kampuni zenyewe za miaka ya 2010 hadi 2014 zinasema kiuatilifu kimoja kipya kilihitaji kupima karibu molekuli 160,000, zaidi ya miaka 11, na dola milioni 286. Kampuni ikitumia hizo, itatafuta molekuli inayoua wadudu wengi wa mahindi, soya na pamba za nchi kubwa. Molekuli inayomshika kantangaze, yule kiwavi anayechimba majani ya nyanya, peke yake, hata iwe safi namna gani, haifiki sokoni. Ugumu wa kuleta mpya uko hapo zaidi kuliko kwenye kemia.

Mwanafunzi SUA

Kwa hiyo utafiti umekufa? Nilitaka kuchukua mada hii.

Mkemia wa Bondeni

Haujafa, chukua. Na sasa turudi kwa sentensi ya Williams.

Mdudu hawezi kuwa sugu kwa homoni yake? Miaka michache tu baada ya tamko lile, inzi wa nyumbani sugu walishaanza kuonekana. Mwaka 1986 Marekani wakapatikana inzi wa matunda wenye jeni iliyoharibika, wanaovumilia methopreni bila tabu. Jeni ikaitwa Met. Kwa miaka 25 watu walibishana inafanya nini, mpaka mwaka 2011 ikathibitishwa kuwa Met ndiyo kipokezi chenyewe cha homoni ya utoto, kilichotafutwa tangu enzi za Wigglesworth. Usugu uliokuja kuharibu biashara ndio ulioonyesha mlango ulipo.

Baada ya hapo kazi imebadilika. Zamani ulilisha viwavi molekuli moja moja. Mwaka 2015 Wakorea waliiweka Met ya mbu pamoja na mwenza wake ndani ya hamira, wakapima dondoo za mimea kwa wingi kuona zipi zinawatenganisha. Wakapata kadhaa. Huo ni upande wa kinyume: badala ya kumbakiza mtoto, unamnyima homoni ya utoto ili asifike ukubwa salama. Njia hiyo ilijaribiwa mwaka 1976 kwa prekosini, iliyotolewa kwenye ageratumi, gugu lenye maua ya zambarau linaloota hata kwetu. Ilikomaza wadudu kabla ya wakati, wakawa vibeti wasiozaa. Ikaishia njiani kwa sababu inaiharibu tezi kwa sumu, na ini la panya nalo likadhurika. Kuziba kipokezi bila kuunguza tezi ni jambo jingine, na hapo kuna kazi ya kufanya.

Bibi Shamba

Na mwarobaini? Sisi wa vijijini ndio tunaoumudu.

Mkemia wa Bondeni

Dada, mwarobaini umo kundi hili kwa haki kabisa. Mwaka 1959 Mjerumani Schmutterer alikuwa Sudan nzige walipovamia, wakala kila kitu wakaacha mwarobaini. Kiambata chake, azadiraktini, kinamkatisha mdudu hamu ya kula na kuvuruga utoaji wa ekdisoni. Kukitengeneza kiwandani kuliwachukua wanakemia wa Cambridge miaka 22, mpaka 2007, na njia yenyewe ni ndefu mno kwa biashara. Mti unakitengeneza bure.

Tumia mbegu, si majani, kiambata kiko kwenye kiini. Twanga, loweka usiku kucha, chuja, piga jioni siku hiyohiyo. Jua linaiua haraka.

Mfuga Nyuki

Mnaongea kana kwamba hazina madhara. Mimi nina mizinga.

Mkemia wa Bondeni

Una haki ya kuuliza. Binadamu hatuna kitini wala ekdisoni, kwa hiyo sumu ya moja kwa moja kwetu ni ndogo. Nyuki mkubwa naye hajivui tena. Ila akibeba chavua yenye dawa akalishe watoto, mzinga utapungua polepole na hutajua sababu. Usipige mmea ukiwa kwenye maua.

Kamba na kaa nao wana kitini. Bomba lisioshwe mtoni, hasa nyie wa mashamba ya mpunga karibu na mabonde na pwani. Na diflubenzuroni huzaa kemikali inayotiliwa shaka ya saratani, ndiyo maana Ulaya waliiondoa kwenye mazao ya chakula mwaka 2017.

Ngosha wa Pamba

Huku kwetu Misungwi waligawa vyandarua vyenye dawa ya kumfanya mbu asizae. Ni hizihizi?

Mkemia wa Bondeni

Ndiyo, piriproksifeni hiyohiyo, pamoja na pairethroidi. Jaribio lilikuwa na aina nne za vyandarua, matokeo yakachapishwa 2022. Baada ya miaka miwili, watoto wenye malaria kwenye vyandarua vya kawaida walikuwa kama asilimia 46, kwenye vyenye klorofenapiri, kiuadudu cha aina nyingine, asilimia 26. Vya piriproksifeni havikuachana na vya kawaida kwa kiwango cha kutegemewa. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara nao wamejaribu njia nyingine ninayoipenda: mbu jike anaguswa na unga wa piriproksifeni anapopumzika, anaubeba mwenyewe hadi kwenye maji anakotaga.

Mzee wa Ugani

Ulisema zilizopo tunazimaliza wenyewe. Malizia.

Mkemia wa Bondeni

Sawa mzee. Piriproksifeni hiyohiyo, nchi mbili.

Israeli, mwaka 1991, iliingizwa kwa ajili ya inzi weupe. Kwenye banda moja la waridi ilipigwa mara tatu mfululizo. Inzi waliobaki walihitaji dozi zaidi ya mara 500 ili wafe.

Arizona, 1995, inzi weupe walimaliza pamba. Mwaka 1996 wakaruhusiwa piriproksifeni na buprofezini kwa dharura, kwa sharti: kila moja mara moja tu kwa msimu, shamba zima, na baada ya kuhesabu wadudu kwenye majani. Wadudu marafiki wakarudi, upigaji dawa ukashuka sana, na dawa zile ziliendelea kufaa miaka mingi. Molekuli ni ileile. Kilichotofautiana ni wakulima, chuo na kampuni kukubaliana kalenda moja. Sisi kila mtu na bomba lake, jirani anapiga Jumatatu, wewe Alhamisi, kiambata kilekile kwa majina matatu tofauti.

Bibi Shamba

Basi nisaidie mimi. Nina nyanya, kantangaze ameanza, nilipiga lufenuroni wiki mbili zilizopita, muuza duka sasa ananiambia nibadilishe nichukue novaluroni.

Mkemia wa Bondeni

Hapo hujabadilisha, dada. Zote ni kundi namba 15. Tazama namba ya kundi kwenye lebo, kama haipo soma jina la kiambata. Kizazi kinachofuata mpe namba 28, klorantraniliproli, au namba 5, spinosadi, au bakteria wa Bt kama viwavi bado wadogo. Lufenuroni iache mpaka msimu ujao, na ukiirudia ipige unapoona mayai na viwavi wachanga, kabla hawajazama ndani ya jani, kwa sababu haisafiri ndani ya mmea. Lowesha chini ya majani pia.

Ila kwanza tuweke picha ya chupa uliyotumia, upande wenye namba ya usajili, tuikague kwenye orodha ya TPHPA, mamlaka ya serikali inayosajili viuatilifu.

Bibi Shamba

Iko stoo, naitafuta kesho asubuhi naiweka hapa.